Ushauri wa mwendo kuelekea taa za barabarani

Lori lililosheheni shaba linaingia Lubumbashi kutoka upande wa Likasi. Dereva anaona kijani kwa mbali, anakanyaga mafuta ili awahi. Hawahi. Taa inageuka nyekundu, breki zinafoka hewa, lori zima linatetemeka na kusimama. Ikifunguka, anaanza upya na gia ndogo, na moshi mweusi unawafunika mama wanaouza mikate pembeni.

Ushauri wa mwendo unalenga hapo: gari linaambiwa mapema liende kasi gani ili likute kijani. Wahandisi huuita GLOSA, kifupi cha Kiingereza cha “ushauri wa kasi inayofaa kukuta kijani”.

Chombo kinachoongoza taa hurusha ujumbe wa redio, hata mara 10 kwa sekunde, kikitaja rangi iliyopo na lini itabadilika. Ujumbe mwingine hubeba ramani ya makutano, ili gari lijue taa ipi ni ya njia yake. Linapojua lilipo kwa setilaiti, kilichobaki ni hesabu. Tuseme zimebaki mita 300, na nyekundu itageuka kijani baada ya sekunde 30. Ukienda kilomita 60 kwa saa, utafika kwa sekunde 18 na kungoja 12. Ukienda 36, unafika inapofunguka, magurudumu bado yanazunguka. Muda ni uleule! Ndiyo maana mara nyingi ushauri wenyewe ni kuachia mafuta mapema, wala hauruhusiwi kukuvusha kikomo cha sheria.

Faida kubwa iko kwenye mzigo mzito. Kila ukifunga breki, nguvu uliyoilipia kwa mafuta inageuka joto na kupotea, na kuliondoa tena lori la tani nyingi ni kuilipia mara ya pili. Mapafu ya wale mama nayo yanahesabika.

Audi ilileta huduma hii Ingolstadt, Ujerumani, mwaka 2019, habari za taa zikipita kwenye mtandao wa simu. Ugumu uko kwenye taa zinazohisi magari na kujibadilisha muda: hapo sekunde zinabaki makadirio. Foleni nayo huharibu hesabu, maana kijani hakikusaidii kama taxi-bus tano mbele yako hazijasogea.

Na pale polisi wa roulage, yaani wa barabarani, anaposimama katikati ya makutano, kuongoza kwa mkono na filimbi, hakuna ujumbe wowote wa kurushwa. Sekunde anazijua yeye peke yake.