Wimbo wa uwanjani: maana yake, na deni lake kwa Queen

Wimbo wa uwanjani ni wimbo uliotungwa huku hadhira imeshapangiwa kazi ndani yake. Si kila kinachopigwa mapumziko kwenye mechi. Nyimbo nyingine hupigwa huku watu wako kwenye foleni ya soda. Huu, watu wasipoitikia, unapwaya.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni "We Will Rock You" wa bendi ya Uingereza, Queen, uliotoka 1977. Mwaka huo walipiga muziki ukumbini Bingley Hall, mjini Stafford, Uingereza, na onyesho lilipokwisha umati ukagoma kuondoka, ukaanza kuwaimbia wao. Mpiga gitaa Brian May akajiuliza: watu waliobanana hivi wanaweza kufanya nini? Kukanyaga, kupiga makofi, kuimba. Basi. Wimbo ukajengwa juu ya hayo: mguu, mguu, kofi. Dramu hamna, besi hamna, na gitaa halijitokezi mpaka kuelekea mwisho.

Kurekodi ndiko kulikokuwa na ufundi. Katika studio za Wessex, London, ndani ya jengo lililowahi kuwa ukumbi wa kanisa, walikanyaga mbao kuukuu walizozikuta humo. Walikuwa wachache, lakini walitaka kusikika kama maelfu. May, aliyesomea fizikia, hakutaka mwangwi wa kawaida. Aliyarudia mapigo yaleyale, kila rudio likichelewa kwa kiasi chake, kana kwamba mpigaji amesimama mbali zaidi nawe. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, hivyo kofi la aliye mita 34 kutoka ulipo hukufikia baada ya sehemu ya kumi ya sekunde. Umbali huo aliupanga kwa kufuata namba tasa, marudio yasije yakalingana na kuzaa mwangwi. Ukiusikiliza kwa spika nzuri, unajikuta katikati ya watu.

Mwimbaji wao, Freddie Mercury, mzaliwa wa Mji Mkongwe, Unguja, aliimudu kazi ya kuongoza umati kuliko yeyote ninayemjua. Kwenye Live Aid, tamasha la hisani, katika uwanja wa Wembley, London, Julai 13, 1985, alitupa sauti tupu zisizo na maneno, na uwanja mzima ukamrudishia. Kuita na kuitikia: kwa aliyekulia kwenye ngoma, hilo si geni hata kidogo.

Wengi wakitaja urithi wa Queen huanza na "Bohemian Rhapsody" ya 1975. Ni kazi kubwa, sikatai, ila waliothubutu kuiiga ni wachache. Kilichoigwa hasa ni ile nafasi ya umati: makofi yaliyorekodiwa yakasikika kama ya watu wengi, na viitikio vya "o-o-o" ambavyo hata asiyejua lugha anaweza kuvidaka. Siku hizi mashabiki hawangoji hata kupewa nafasi. "Seven Nation Army" ya bendi ya Marekani, The White Stripes, ya 2003, haikutungwa kwa ajili ya mpira, lakini mashabiki wa Club Brugge, timu ya Ubelgiji, waliichukua sauti ya gitaa wakaigeuza wimbo wao, na Kombe la Dunia la 2006 Waitalia wakaiimba mpaka ubingwa, bila neno hata moja la mtunzi.