Kungumanga haiongezwi kama sukari

Swali ni lile lile kila wiki: "Nimechoka, moyo hautulii, usiku sipati usingizi. Nimetia nusu kungumanga kwenye maziwa, sikuona kitu. Sasa nitie nzima?"

Hapana, usitie nzima. Na hii kauli ya "mitishamba haina madhara" imenichosha, hasa hapa Unguja na Pemba ambako kungumanga iko kila jikoni na hata mtoto hutumwa dukani kuinunua.

Kokwa moja kubwa, ukishalibangua gamba, lina gramu 5 hivi. Kipimo hicho kinatosha kumtia mtu mzima sumu. Ndani yake mna kemikali iitwayo miristisini, na ikizidi moyo huenda mbio, kinywa hukauka, kichwa huzunguka, tumbo huchafuka, na wengine huona visivyokuwepo. Mtu aliyetafuta utulivu anaishia na hofu kubwa kuliko ile aliyokuwa nayo.

Kinachowaponza wengi ni saa. Kungumanga haifanyi kazi upesi. Athari za kuizidisha huanza baada ya saa 3 hadi 6. Mtu anakunywa saa mbili usiku, saa tatu anajiona yuko vile vile, anakoroga kikombe cha pili. Vikombe vyote viwili vinakuja kukutana mwilini usiku wa manane, na hali hiyo inaweza kuendelea siku nzima. Kwa hiyo "sikuona kitu" baada ya saa moja haina maana kwamba dawa ni dhaifu.

Mtaniambia, mbona tunaila kwenye biriani? Mnaila, lakini kokwa moja limegawanywa sahani nyingi. Kikombe cha maziwa ni cha mtu mmoja.

Kipimo ninachokubali ni hiki: maziwa kikombe kimoja, yapashwe moto, kisha ukune kungumanga isiyozidi robo ya kijiko cha chai, kijiko kikiwa sawa bila kilima. Kikombe kimoja, basi, wala si kila usiku. Ikune wakati ule ule wa kunywa. Unga uliokaa koponi miezi umeshapoteza mafuta yake, mtu anazoea kutia mwingi, siku akipata kokwa jipya anatia kiasi kile kile na yanamkuta. Hata makokwa mapya hayalingani nguvu, ndiyo maana nakataa hesabu ya "nusu" na "robo kokwa". Basibasi, yaani utando mwekundu unaozunguka kokwa la kungumanga, nayo ina miristisini, kwa hiyo usichanganye vyote viwili ukadhani umepunguza. Mjamzito na anayetumia dawa za usingizi au za maradhi ya akili asiiguse kama dawa. Aliyekwisha kuzidisha apelekwe hospitali, na kokwa lililobaki lichukuliwe likaonwe.

Mchaichai ni salama zaidi. Mashina matatu yapondwe kidogo, maji yachemke, epua, tia, funika dakika 10. Ukiuchemsha sufuria wazi, harufu inajaza jiko na kikombe kinabaki maji. Lakini niseme wazi: Wabrazili waliujaribu kwa watu mwaka 1986, hawakuona kwamba unaleta usingizi wala unaondoa wasiwasi. Mimi bado naupendekeza, nikishuku kwamba kinachosaidia ni kukaa kitako na kitu cha moto mkononi, simu ikiwa mbali.

Uchovu wa mchana usioisha hata ukilala vizuri ni jambo jingine, na hapa kungumanga wala mchaichai hauna kazi. Kapime damu kwanza. Mwanamke asiye mjamzito akiwa chini ya gramu 12 za himoglobini (kinachobeba oksijeni kwenye damu) kwa desilita ana upungufu wa damu. Mjamzito, chini ya 11. Mchicha na dagaa vitasaidia, ila chai ya rangi pamoja na chakula huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Kamulia ndimu kwenye mboga, na chai iache mpaka ipite saa moja baada ya kula.