Cheti cha msitu hakiuzi mbao chenyewe

Kilwa, mkoani Lindi, vijiji vya Kikole na Kisangi viliingia mwaka 2009 kwenye cheti cha pamoja cha FSC (shirika la kimataifa linaloweka viwango vya utunzaji wa misitu), chini ya usimamizi wa MCDI, shirika la uhifadhi wa mpingo. Tangu hapo wengi wanaamini kijiji kikishapata cheti, wanunuzi watapanga foleni na bei itapanda yenyewe. Sivyo.

Cheti kinathibitisha kwamba msitu unasimamiwa vizuri: mti umevunwa kwa mpango, kwa kiasi ambacho msitu unaweza kurudisha. Hakimleti mnunuzi, wala hakikaushi mbao.

Na hapa ndipo fedha inapopotelea. Alama ya FSC hufuata gogo kutoka mkono hadi mkono, na kila anayelinunua, kulipasua na kuliuza tena kwa alama hiyo lazima awe na cheti chake cha kufuatilia mzigo. Mfanyabiashara asiye nacho akishalinunua, mpingo wa kijiji unakuwa mpingo wa kawaida, hata kama mwisho wake ni klarineti, ala ya muziki ya kupuliza, huko Ulaya. Kazi yote ya doria na kupima miti haionekani tena sokoni.

Kwa hiyo anayetaka kusaidia vijiji hivi aanzie kwenye upasuaji: kiwanda kidogo chenye cheti, mahali pa kukaushia, na vijiji kadhaa kuuza kwa pamoja, maana mnunuzi mkubwa hataki magogo matano. Mninga na mpingo vinajulikana. Mtondoro, ulio mwingi kwenye misitu ya miombo, bado unahitaji kutafutiwa wateja.