Namba ya injini haitakiwi kufanana na ya chesi

Mteja mwingine tena kaja gereji hapa Unga Limited, Arusha, na Land Rover Series III ya 1974, kadi mkononi, uso umekunjamana: "Fundi, nimepigwa. Namba ya injini na ya chesi hazifanani!"

Hazifanani kwa sababu kiwanda hakikuzifananisha. Kwenye Series III chesi ina mfululizo wake wa namba na injini ina wake. Hiyo habari ya kufanana mmeiokota kwenye video za Wamarekani. Chevrolet, kuanzia modeli za 1968, waligonga sehemu ya namba ya chesi kwenye bloku, yaani mwili wa chuma wa injini, na injini ya kubadilishia iliyouzwa peke yake kwenye kreti ikagongwa herufi CE. Ni sawa, kwa Chevrolet.

Halafu kuna wanaonirushia WhatsApp picha ya namba zilizotuna kwenye bloku. Hizo ni za kalibu, umbo la kumiminia chuma cha bloku, wala si za injini yako. Bloku chungu nzima zinazo hizo hizo. Namba ya injini hugongwa, inazama ndani ya chuma. Kwenye injini ya petroli ya lita 2.25 ya Land Rover itafute mbele, karibu na manifoldi ya eksozi.

Na ikilingana na kadi je? Bado hujajua kama ni injini ya asili. Kadi inaonyesha injini iliyoandikishwa. Aliyebadilisha injini akafuata taratibu, kadi yake inasoma injini mpya, safi kabisa. Mimi nateremsha sampu, bakuli la oili chini ya injini, na kuhesabu beringi kubwa zinazobeba krenki, shafti kuu ya injini. Kwenye hizi za 2.25, mpaka 1980 zilikuwa 3, baada ya hapo 5. Gari la 1974 likiwa na 5, injini imebadilishwa, hata muuzaji aape mbele ya mchungaji. Mwenye 1HZ, dizeli ya Toyota, ndani ya Land Cruiser iliyotengenezwa miaka ya 1970 asinisumbue kabisa: injini hiyo imetoka 1990.

Kazi ngumu ni pale injini ni ya aina ile ile na ya miaka ile ile. Hapo kwa macho siwezi kuapa. Bloku ikisharandwa namba ikafutika, au namba kugongwa upya na mtu mwenye mkono mzuri, nabaki na hisia tu. Kwa Land Rover, omba cheti cha rekodi za kiwanda kule British Motor Museum, makumbusho ya magari Gaydon, Uingereza, na kama namba ya injini imo, ulinganishe.

Na kabla hujanipiga picha, futa grisi kwa tambara lenye petroli, mulika tochi kwa ubavu. Msasa weka mbali, unakula alama za kugonga, na ndizo ninazozitafuta.