"Bomoa Tu, Limeshaoza": Dhana Potofu Kuhusu Viwanda Vilivyotelekezwa

Wawekezaji wanaoniita kukagua viwanda vya zamani hunipokea langoni kwa maneno yaleyale: "Mhandisi, hili limeshaoza, tuandikie tu ripoti ya kubomoa." Hata ngazi hawajapanda. Wameona plasta iliyobanduka, vioo vilivyovunjika na mti uliootea juu ya paa, basi wameshaamua.

Jengo haliangushwi na umri, wala na kukaa bila watu. Linaangushwa na maji, na maji hayo huwa na mlango wake: gata lililoziba, bati lililong'olewa na wezi, bomba la mvua lililokatwa. Yakipenya kwenye zege huzifikia nondo. Nondo zikishika kutu huvimba, kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa, na zege hupasuka kutoka ndani. Ndiyo maana utakuta kona moja iliyo chini ya gata bovu imemomonyoka hadi nondo ziko nje, huku nguzo za katikati zikiwa imara kabisa.

Hayo huyaoni ukiwa langoni. Ninagonga kwa nyundo: zege zima hulia mlio mkali, lililoachana na nondo husikika tupu. Kisha navunja kipande na kunyunyizia fenoftaleini, kemikali inayoonyesha kama kuna alikali (kinyume cha asidi). Zege likigeuka waridi, alikali yake bado inalinda nondo. Lisipobadilika rangi, kinga imekwisha, nami napima imekwisha hadi kina cha milimita ngapi. Boriti za mbao nazichoma bisibisi kwenye vichwa vyake, pale vinapoingia ukutani, maana unyevu hujificha huko. Vipimo hivi ni vya bei ndogo mno ukivilinganisha na bili ya kubomoa.

Stesheni ya Michigan Central mjini Detroit ilipitiwa na treni ya mwisho mwaka 1988. Mwaka 2009 baraza la jiji lilipitisha azimio la kuibomoa. Haikubomolewa, Ford waliinunua 2018 na ikafunguliwa upya 2024. Kituo cha umeme cha Bankside, London, kilizimwa 1981 na tangu 2000 ni jumba la sanaa la Tate Modern. Sisemi kila jengo huokoka. Katika Detroit hiyohiyo, kiwanda cha magari cha Packard kilianza kubomolewa 2022. Ninachokataa ni hukumu kutangulia vipimo.

Na kama leo huna fedha za ukarabati, tengeneza paa na magata kwanza, kabla ya rangi, kabla hata ya uzio. Usizibe madirisha yote kwa mbao bila kuacha matundu ya hewa; utafungia unyevu ndani na kuozesha ulichokusudia kukilinda. Hili nalisema kila mara, na kila mara nakuta yamezibwa.

Dhana nyingine ninazozisikia ni hizi. "Jengo tupu halina mwenyewe." Linaye, hata kama hajaonekana miaka mingi. Anayekata vyuma vyake kuuza kama chuma chakavu anaiba, na mara nyingi anakata kiungo kinachobeba sakafu ya juu.

"Asbesto ing'olewe haraka iwezekanavyo." Haraka ndiyo inayoleta madhara. Bati la asbesto lililo zima na lisiloguswa hutoa nyuzi chache sana. Likivunjwa kwa nyundo au kukatwa kwa msumeno, nyuzi hujaa hewani na kuingia mapafuni. Waachie wenye leseni.

"Kiwanja kikishasafishwa, kiko tayari kujengwa." Kilichosafishwa ni juu tu. Chini mnaweza kuwa na misingi ya zamani, matangi ya mafuta, na udongo wenye madini ya risasi au kemikali za kuyeyushia zilizomwagika enzi za kiwanda. Udongo upimwe kabla ya mauziano, na mkataba uandike wazi nani atalipia kuuondoa.