Je, wajua kwa nini hakuna Corvette ya mwaka 1983?

Mtu akikwambia anakuuzia Chevrolet Corvette ya 1983, jua hapo unapigwa, maana haikuwahi kuuzwa hata moja. Ukizifuatilia hizi gari tangu zianze 1953 unakuta kila mwaka una modeli yake, unahesabu 1980, 1981, 1982, halafu paap, 1984. Na mimi kinachoniuma ni kwamba huo mwaka uliorukwa ndio gari ilikuwa inatimiza miaka 30, yani ungetegemea toleo maalum la kusherehekea, mashabiki wakatoka kapa.

Turudi nyuma kidogo. Corvette za kwanza zilitengenezwa Flint, Michigan, kuanzia tarehe 30 Juni 1953, zikatoka 300 tu, karibu kila kitu kwa mkono, na zote zinafanana: nyeupe nje, nyekundu ndani, turubai jeusi juu. Bodi ilikuwa ya faiba, kama hizi boti za faiba unazoziona pwani, wakati magari mengine yote ya Chevrolet yalikuwa ya bati. Ila injini ilikuwa ya silinda sita, hospawa 150, na gia otomatiki mbili tu, kwa hiyo sura kali lakini mwendo wa kawaida sana. Mwaka 1954 kazi ikahamia St. Louis, wakatengeneza 3,640 na nyingi zikadoda, hadi 1955 wakashuka kwenye 700. Kilichoiokoa ni injini ya V8, yani ya silinda nane, iliyoingia mwaka huo huo, pamoja na injinia Zora Arkus-Duntov aliyeing'ang'ania mpaka ikawa gari ya mbio kweli kweli.

Sasa tuje kwenye kisa chenyewe. Kizazi cha tatu kilianza 1968 na kufikia 1982 kilishachoka kabisa. Kiwanda nacho ndo kwanza kilikuwa kimehamia Bowling Green, Kentucky, mwaka 1981. Injinia mkuu wakati huo, Dave McLellan, akapewa kazi ya kuunda gari mpya kuanzia chini, sasi mpya, bodi mpya, dashibodi ya kidijitali, boneti inayofunguka pamoja na sehemu zinazofunika magurudumu ya mbele. Katikati ya kazi bosi wa Chevrolet akaamua ule mhimili uliopita katikati ya paa utolewe ili paa litoke kipande kimoja, na ukishatoa chuma cha juu lazima uimarishe huku chini, kazi ikaongezeka. Juu ya hapo ubora kiwandani haujakaa sawa, siku zinaenda.

Huko Marekani mwaka wa modeli si lazima ulingane na kalenda. Gari ilikuja kuonyeshwa Machi 1983, na ilikuwa tayari inakidhi masharti ya moshi ya 1984, so wakaona haina maana kuiita ya 1983 kwa miezi michache halafu wabadilishe tena, wakaipa jina la 1984 moja kwa moja. Kwa maoni yangu walifanya sahihi, bora kukosa sherehe kuliko kumpa mteja gari bovu. Na watu walikuwa na kiu nayo kweli, maana za 1984 zilitengenezwa 51,547, ingawa pia msimu wake wa uzalishaji ulikuwa mrefu kuliko kawaida.

Lakini zile za majaribio za 1983 zilikuwepo, zilitengenezwa 43. Kisheria hazikuruhusiwa kuuzwa kwa hiyo ziliharibiwa, zote isipokuwa moja nyeupe iliyobaki pale kiwandani. Leo ipo kwenye jumba la makumbusho la Corvette hapo hapo Bowling Green. Februari 2014 ardhi ilititia ndani ya jumba hilo alfajiri, shimo likameza Corvette nane, zikiwemo ya milioni moja na ya milioni moja na nusu kutengenezwa. Ile ya 1983 haikuwa kati ya hizo nane.