Mpaka wa gazeti huchorwa na lori

Ukitaka kujua gazeti fulani ni la watu gani, anzia kwenye kurasa za tanzia. Jina la juu linaweza kutaja taifa, kanda au jiji zima, lakini tanzia hulipiwa na familia, na familia haitoi fedha yake ila pale inapojua kwamba majirani, waliofanya kazi na marehemu na waumini wenzake watalisoma tangazo. Orodhesha maeneo yanayotajwa kwenye tanzia za wiki moja, kisha yatie kwenye ramani. Mara nyingi utakachokiona hakifuati mpaka wa mkoa wala wa manispaa. Kinafuata barabara kuu.

Nimekaa dawati la habari za mikoa gazetini miaka mingi kabla ya kuhamia kwenye kufundisha, na swali linalonijia mara kwa mara ni hili: gazeti la jiji kubwa linaihudumia jamii gani hasa? Jibu langu huwaudhi vijana walioingia kwenye kazi hii kwa wito. Kwa zaidi ya karne moja, jamii ya gazeti ilipimwa na watu wa usambazaji wakishirikiana na watu wa matangazo. Mhariri aliikuta imeshapimwa, akaambiwa aijazie habari.

Tazama usiku mmoja wa uchapaji ulivyo. Toleo la kwanza hufungwa mapema, kwa sababu linakwenda mbali kuliko yote. Mtambo ukishatoa nakala za wilaya za mwisho, unasimamishwa kwa dakika chache, mafundi wanachomoa pleti, yaani mabamba ya kuchapia, za ukurasa wa mbele na za kurasa mbili tatu za ndani, wanaweka nyingine, mtambo unaunguruma tena. Ukurasa wa maoni haukuguswa. Katuni ni ileile, na ratiba ya televisheni ni ileile. Kilichobadilika ni habari kubwa ya eneo, labda na matokeo ya mechi ya usiku yaliyowahi kufika. Toleo la mwisho kabisa ni la mjini, ambako lori linahitaji nusu saa tu kufika kwenye vibanda. Kwa hiyo anayeishi mbali zaidi na mtambo ndiye anayesoma gazeti lililofungwa mapema zaidi, na analipa bei ileile. Mechi iliyoingia muda wa nyongeza yeye hupewa matokeo ya kipindi cha kwanza, na wakati mwingine hata hayo hayapati. Barua za malalamiko kuhusu jambo hili hazikuwahi kukauka mezani kwetu, na jibu la kweli, yaani kwamba lori haliwezi kungoja, halikuwa la kuandikwa gazetini.

Upande wa matangazo hesabu ilikuwa kali zaidi. Duka kubwa la katikati ya jiji linataka kuwafikia watu wanaoweza kuja kununua leo na kurudi kwao jioni. Msomaji aliye mwendo wa saa nne, hata awe mwaminifu namna gani, kwa mwenye duka ni hasara. Bei ya nakala haikuwahi kutosha kulipia karatasi, wino na mafuta ya lori lililompelekea. Miaka ya neema gazeti lilimvumilia kwa ajili ya heshima, maana kusomwa jimbo zima ni fahari. Fedha zilipopungua, yeye ndiye aliyekatwa kwanza. Hakuna tangazo lililotolewa wala mkutano ulioitishwa. Lori liliacha tu kupita.

Na fedha zilipungua kweli. Nchini Marekani, matangazo madogo madogo pekee, yale ya kazi, nyumba za kupanga na magari yaliyotumika, yaliyaingizia magazeti zaidi ya dola bilioni 19 mwaka 2000. Miaka 12 baadaye hazikufika bilioni 5. Tovuti kama Craigslist zilikuwa zikifanya kazi hiyo bure au kwa bei ya kutupa, tena bila kuhitaji habari yoyote pembeni. Watu husema intaneti iliiba wasomaji. Wasomaji waliongezeka, kwa kuwa wengi walisoma habari zilezile kwenye skrini. Kilichoondoka ni yale matangazo ya mistari mitatu ambayo hakuna mwandishi aliyewahi kuyaheshimu, na ndiyo yaliyokuwa yakimlipa mshahara.

Kwangu mimi, mfano unaoonyesha vizuri kuliko yote nini hutokea kwenye kivuli cha gazeti kubwa ni mji wa Bell, California. Ni mji mdogo wa watu wapatao 36,000, wengi wao wafanyakazi wa kipato cha chini, kilomita chache kutoka katikati ya Los Angeles. Ni mji wenye baraza lake, polisi wake na kodi zake. Robert Rizzo alianza kazi ya umeneja wa mji huo mwaka 1993 kwa mshahara wa dola 72,000 kwa mwaka. Mwaka 2010 alikuwa analipwa karibu dola 800,000, na madiwani kadhaa, ambao kazi yao si ya kutwa, walikuwa wakipata karibu dola 100,000 kila mmoja. Njia ilifunguliwa mwaka 2005, pale uchaguzi maalumu ulipouondoa mji kwenye ukomo wa mishahara uliowekwa na sheria ya jimbo. Waliopiga kura siku hiyo hawakufika 400.

Walioibua jambo hilo ni waandishi wa Los Angeles Times, Jeff Gottlieb na Ruben Vives. Hawakwenda Bell kwa ajili ya Bell. Walikuwa wakifuatilia mji jirani wa Maywood, uliokuwa unavunja jeshi lake la polisi na kukabidhi huduma zake kwa Bell, wakaanza kuomba nyaraka za mishahara. Gazeti lilipata Tuzo ya Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari Marekani, ya utumishi kwa umma mwaka 2011, na mwaka 2014 Rizzo alihukumiwa kifungo cha miaka 12. Kwenye mafunzo, habari hii husimuliwa kama ushindi wa gazeti kubwa, na ni ushindi kweli. Lakini hesabu miaka. Kati ya 1993 na 2010 mshahara ule ulipanda hatua kwa hatua, kwenye vikao ambavyo kisheria vilikuwa wazi kwa umma, jirani kabisa na moja ya vyumba vya habari vikubwa vya Marekani. Hapakuwa na mwandishi aliyekuwa akikaa kwenye viti vya nyuma kila kikao. Mji wa aina hiyo ni mdogo mno kwa gazeti la jiji kuu, na uko karibu nalo mno kiasi cha gazeti dogo kushindwa kuota kando yake.

Cincinnati, jiji la jimbo la Ohio, Marekani, inaonyesha jambo hilohilo kutoka upande wa pili. The Cincinnati Post lilikuwa gazeti la pili la jiji, lenye toleo la ng'ambo ya mto Ohio, jimbo la Kentucky, liitwalo The Kentucky Post. Tarehe 31 Desemba 2007 lilifungwa, likiwa linauza nakala 27,000 tu dhidi ya takriban 200,000 za mshindani wake. Kwa mizani ya soko, kifo chake hakikuwa kitu. Wachumi Sam Schulhofer-Wohl na Miguel Garrido walitazama vitongoji vya upande wa Kentucky vilivyokuwa vikilitegemea, wakakuta kwamba baada ya hapo wagombea wa nafasi za miji walipungua, waliokuwa madarakani walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kubaki, na wapiga kura wakapungua. Wenyewe walitahadharisha kwamba takwimu zao ni za eneo dogo, na tahadhari hiyo mimi huirudia darasani. Ila watafiti wengine waliotazama hati fungani za serikali za mitaa Marekani, yaani karatasi ambazo serikali hizo hukopea fedha, waliona kwamba gazeti la eneo likifa, gharama ya kukopa hupanda, kwa kati ya pointi za asilimia 0.05 na 0.11. Mkopeshaji naye husoma gazeti, au walau anataka kuwe na mtu analisoma.

Msinielewe vibaya kwamba lori halina wema. Ouest-France, gazeti la Ufaransa lenye makao yake Rennes, limeishi kwa kulifuata lori mpaka mwisho wa njia. Lilianzishwa Agosti 1944, na kwa miongo mingi limekuwa gazeti la kila siku linalouza kuliko yote Ufaransa, likiyapita hata yale mashuhuri ya Paris, ingawa wasomaji wake wako mikoa ya magharibi ya Bretagne, Normandie na Pays de la Loire. Siri yake ni matoleo ya maeneo yapatayo 50, yanayolishwa na maelfu ya wawakilishi wa vijijini wanaolipwa kwa habari. Utakuta humo mkutano wa chama cha wazee, kustaafu kwa mwalimu mkuu, barabara iliyofungwa. Wanahabari wa mjini huzicheka habari hizi. Mimi sicheki, kwa sababu mtu aliyeandikwa jina lake gazetini mara moja maishani hulinunua miaka 20. Linasaidiwa pia na umiliki: tangu 1990 liko chini ya chama kisicho cha faida, hivyo hakuna mwekezaji wa mbali wa kuuliza kwa nini toleo la wilaya fulani linakula zaidi ya linavyoingiza.

Na lori likikwama kabisa? Machi 2011 tsunami ilipoipiga Ishinomaki, Japani, mtambo wa Ishinomaki Hibi Shimbun, gazeti dogo la jioni, haukuweza kuchapa. Wahariri walichukua karatasi za mtambo huohuo na kalamu za wino mzito, wakaandika gazeti kwa mkono na kulibandika kwenye vituo vya waliopoteza makazi. Walifanya hivyo siku sita mfululizo. Nakala ni chache, kwa hiyo kila neno linachaguliwa: maji yanapatikana wapi, umeme umerudi mtaa gani. Jamii ya gazeti kwa siku hizo ilikuwa watu wanaoweza kutembea mpaka ukutani.

Sasa lori linaondoka, na ramani mpya inachorwa na malipo ya kidijitali. Anayelipia mara nyingi ni mtu mwenye kazi ya ofisini, anayeishi karibu na katikati ya jiji, au aliyehama zamani na bado anaifuata timu ya kwao. Vitongoji maskini vilivyokuwa vikinunua nakala moja na kuipitisha mikono mitano havionekani kabisa kwenye takwimu hizo, na mhariri anayepanga habari kwa kutazama takwimu hizo hana sababu ya kuvikumbuka.

Jaribio ninalolifuatilia kwa karibu liko Uingereza. Tangu 2018 BBC inalipia waandishi zaidi ya 150, wanaoajiriwa na magazeti ya maeneo, ili wafuatilie mabaraza ya serikali za mitaa na taasisi nyingine za umma, na habari zao hutumiwa na vyombo vyote vilivyo kwenye mpango. Hapa mipaka imechorwa na mabaraza yenyewe: mwandishi hupangiwa baraza liwe na wanunuzi au lisiwe nao. Tatizo lake ni la ratiba. Wengine wamepangiwa mabaraza kadhaa, na mabaraza hupenda kukaa jioni ileile. Mwandishi lazima achague ukumbi mmoja, na ule mwingine autazame mtandaoni baadaye, ikiwa kuna aliyekumbuka kuwasha kamera.